Mwavuli Ulio Kwapani

Siku ya arobaini na tisa baada ya kuchomwa kwa mwili wa Mizunoya Togan, mjane wake Kiyono alirudi kazini. Alimaliza bakuli lake la tambi, akafuta midomo, akaketi nyuma ya pazia la mianzi na kukaza nyuzi tatu za shamisen yake. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja katika ukumbi wa Matsuba, mtaa wa Ueno.

Kila msimuliaji wa rakugo, zile hadithi za kuchekesha zinazosimuliwa na mtu mmoja aliyeketi, ana wimbo wake wa kuitwa jukwaani, na nyimbo zote zilikuwa vidoleni mwa Kiyono. Msimuliaji akisikia wake hana hiari. Anatoka, anapiga magoti juu ya mto wa kukalia, anaweka upepeo mbele yake, anaanza. Mpigaji haonekani, na anayeshangiliwa si yeye.

Alasiri hiyo wa kufunga dimba alikuwa mtu mwingine, lakini mazoea yana taabu. Vidole vya Kiyono vilipiga wimbo wa mumewe.

Togan akatoka. Alikuwa na ile kimono nyeupe aliyovishwa siku ya msiba, upande wa kulia juu ya wa kushoto.

"Kafunga nguo kinyume," alisema mama mmoja wa safu ya pili, akimenya chenza.

"Wakifa ndivyo wanavyofungwa," alijibu mwenzake.

"Ahaa. Nipe chumvi ya yai."

Togan alisimulia hadithi ya fundi miavuli, ile iliyompa jina Tokyo nzima. Fundi huyo hutengeneza miavuli ya mtaa mzima huku paa lake likivuja. Jioni moja anarudi kwake amelowa chapa, anapiga mlango, anamlalamikia mkewe kwamba katika dunia hii kila mtu ana mwavuli ila fundi wa miavuli. Hapo ndipo mke hujibu kauli moja tu, na hadithi huisha. Togan alifungua mdomo kutoa kauli ya mke. Sauti haikutoka. Alijaribu tena, ikawa vilevile.

"Na huo ulio kwapani, ni wa nani?" alisema Kiyono nyuma ya pazia.

Ukumbi mzima ulicheka, kisha watu wawili watatu wakatoa vitambaa wakafuta macho, kama ilivyokuwa siku zote.

Katika chumba cha wasimuliaji, Togan alikaa mbele ya chai asiyoweza kuinywa.

"Kauli nyingine nilizitiatia chumvi mpaka zikawa zangu," alisema. "Ile kauli sikuigusa, na huko nilikokwenda mtu hapewi cha mwenzake. Hadithi uliitunga wewe, Kiyono, mwaka ule nilipolazwa na homa. Kesho panda wewe jukwaani."

"Miaka ishirini na sita umekaa kimya, umengoja ufe?"

"Nilikuwa muoga, mke wangu."

Kiyono aliiondoa ile chai. Alikuwa ameutamani ule mto wa jukwaani tangu ujana wake, na aliutamani bado, kwa uchungu, kama mwenye kiu anavyotamani maji. Mara moja tu, na hadithi yake mwenyewe, mbele ya watu.

Suala lilipelekwa kwa wazee wa chama cha wasimuliaji. Togan alikwenda mwenyewe kuwaeleza. Wazee walimwinamia mpaka chini, wakamsikiliza, wakamuuliza kama ataweza kuja siku tano kwa wiki. Jibu lililetwa na Shimomura, msimamizi wa ukumbi.

"Kuhusu mwalimu Togan hakuna shida," alisema. "Kanuni haziwataji wafu. Ila mwanamke juu ya mto, Bi Kiyono, hilo halijapata kutokea."

"Na maiti kusimulia limepata kutokea?"

"Mwalimu ni mwanachama," alisema Shimomura kwa upole. "Tena wewe huna hata wimbo wa kuitwa. Utatokaje?"

Husemwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa wazee wale ulikuwa na meno upande mmoja. Jina la Togan likarudishwa kwenye ubao wa nje, kwa wino mpya, na viti vikajaa. Lalamiko lilikuwa moja tu, kwamba msimuliaji wa kwanza wa kesho yake huukuta mto bado una baridi kama jiwe la mtoni, hata ukigeuzwa.

Siku ya tisa tangu arudi, Togan aliwahi, asubuhi, milango ikiwa bado imefungwa. Alikwenda nyuma ya pazia, akaipakata shamisen, akapiga. Alipiga vibaya sana, kama mtu anayekwangua ukoko.

"Huo wimbo gani?" Kiyono aliuliza.

"Wako. Nimeutunga mwenyewe, huko nafasi ninayo. Toka basi, unaitwa."

Kiyono alitoka. Aliuweka mto sawa, upande usio na mshono ukitazama viti, akapiga magoti, akaweka upepeo mbele yake. Aliisimulia hadithi ya fundi miavuli yote, kwa viti vitupu, bila kuharakisha. Alipofika kwenye kauli ya mke aliitoa kwa sauti yake ya kila siku. Kisha akalia, na nyuma ya pazia zile nyuzi zikaendelea kukwanguliwa mpaka alipomaliza kulia.

Milango ilipofunguliwa, watu walivua mitalawanda yao wakaingia. Shimomura alipita jukwaani kukagua, akaweka kiganja juu ya mto.

"Una joto," alisema.

Akautazama kidogo, kisha akaagiza uletwe mwingine.

Alasiri Kiyono alipiga wimbo wa mumewe, na mumewe akatoka. Alisimulia vizuri. Alipofika mlangoni kwa fundi alifungua mdomo, akangoja.

"Na huo ulio kwapani, ni wa nani?" alisema Kiyono.

Watu walicheka. Togan aliinama mpaka paji lake likagusa mbao, akashangiliwa kwa muda mrefu. Nyuma ya pazia Kiyono naye aliiweka shamisen chini, akainama, kwa kuwa ndiyo adabu ya aliyemaliza kusimulia.