Trekta la Abdulnasir

Kwa miaka miwili Mwatum hakumruhusu mtu kuligusa trekta la mwanawe. Abdulnasir alikufa kwa homa, na trekta lile dogo, alilolivusha kwa mashua vipande vipande hadi Kisiwa Panza, likabaki ubavuni mwa nyumba chini ya turubai. Turubai likachanika. Mvua ikaingia kwenye bomba la moshi. Mwatum aliona, akageuza uso.

Kisha tuta la bondeni likabomoka. Tuta hilo ndilo lililozuia maji ya bahari yasiingie kwenye mpunga wa kijiji. Bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu, lilikuwa siku nne mbele, na udongo wa kuzibia ulikuwa juu kilimani, mbali mno kubebwa vichwani. Mwatum akamwita mdogo wake, Bakar, fundi wa mashine za boti.

Bakar alivuta kamba ya kuwashia. Haikuja hata kidogo. Akafungua plagi, akamulika ndani kwa simu.

"Sema, ndugu yangu."

"Kutu, dada. Pistoni imeshikana na silinda. Ungeniita mwaka ule, ningetia oili tu, basi."

"Mwaka ule sikuweza hata kulitazama."

Bakar akamimina dizeli na oili katika tundu la plagi, wakaacha vizame. Siku ya pili na ya tatu alitia spana kwenye nati ya injini, akaisukuma mbele na nyuma taratibu, asije akavunja kitu. Mwatum alikaa kando ameshika kopo la mafuta, akisoma dua kimoyomoyo. Asubuhi ya nne spana ilisogea upana wa ukucha. Baadaye ikazunguka duru nzima.

Injini ilikohoa, ikatema maji meusi, ikawaka. Mlio ulikuwa uleule. Mwatum alishika mwimo wa mlango.

"Tusiizime," Bakar alisema. "Ikizima, sidhani itarudi."

Wakalifungia trekta tela, wakapakia udongo kilimani. Tela la kwanza likafika kwenye tuta, watu wakapakua kwa majembe na mikono. La pili likafika. La tatu, katikati ya mteremko, kitu kikagonga ndani ya injini mara tatu, moshi mweupe ukatoka, kimya. Bakar alivuta kamba. Ikaja laini, haina uzito wowote.

"Mkono wa pistoni umekatika."

"Haifai tena?"

"Haifai, dada."

Wakabeba kwa magunia, wake kwa waume. Alasiri maji yakapanda bila kelele, yakapita kwenye pengo lililosalia, yakatambaa kati ya mashina ya mpunga. Yumna, jirani mwenye shamba la chini kabisa, aliangusha jembe akaondoka bila kuaga.

"Ni mimi," Mwatum alisema.

"Ni bahari, dada."

"Bahari nimeifungulia mlango mimi, Bakar. Miaka miwili nimekikalia kile chuma kama kaburi."

Mwatum akaingia majini, akaanza kukata masuke na kuyatia katika kanga.

"Dada, bado mabichi hayo! Hayana punje."

Mwatum aliminya suke moja, likatoa maziwa kidogo vidoleni. Akaendelea kukata, maji ya chumvi yakimfika magotini.