Wajomba Watatu Kwenda Chini

Projekta ililetwa shuleni na watu waliopiga nayo picha kisha wakaondoka. Shule haikuwa na basi, wala uzio, wala vyoo vya kutosha, lakini sasa darasa la nne lingeweza kwenda popote duniani bila hata kuvaa viatu. Ndivyo alivyosema mgeni rasmi, na Mwalimu wa hesabu alimpigia makofi kama wengine, maana makofi hayakatwi kwenye mshahara.

Ziara ya kwanza walikwenda mbugani. Somo lilikuwa vipimo. Twiga alipotokea ukutani watoto walishangilia, halafu wakafanya kile hasa walichofundishwa: wakasogeza benchi, wakapanda, wakaweka sifuri ya rula kwenye kwato na kumpima mpaka ncha za pembe. Twiga alikuwa na sentimita sitini na mbili. Mwalimu aliporudisha meza ya projekta nyuma kidogo, twiga akarefuka mpaka tisini. Msichana mmoja waliyemwita Wakili, kwa kuwa hakuna jambo aliloliacha lipite bila kulitolea hoja, akauliza twiga wa kweli ni yupi kati ya hao wawili. Mwalimu alimwambia watalizungumza kesho. Alikwenda nyumbani na swali hilo.

Jibu alilipata akiwa anafua. Kwenye picha alitakiwa awemo mtu ambaye kimo chake kinajulikana, na mtu huyo alikuwa naye. Mdogo wake wa mwisho, ambaye alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa jengo kubwa upande wa pili wa mji. Akamwomba aje shuleni asubuhi moja kabla ya zamu. Kijana akaja, akavua viatu, akasimama mlangoni huku watoto wakimzunguka na rula na kugombana, mpaka wakakubaliana: mita moja na sentimita sabini. Wakachora mstari wa chaki kwenye mwimo wa mlango. Kuanzia siku hiyo akawa Mjomba wa darasa zima, na mjomba mmoja kikawa kipimo.

Basi ziara zikahamia kwenye ujenzi, kwa simu ya video. Mjomba alisimama kando ya nguzo, watoto wakampima ukutani, wakapima na nguzo, wakagawa. Hii wajomba wawili na nusu, lile tangi mjomba mmoja na robo. Ukisogeza projekta, Mjomba na nguzo wanarefuka pamoja, na jibu linabaki palepale. Siku Wakili alipoligundua hilo mwenyewe alinyamaza kimya, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu aanze shule. Mwalimu alifurahi kuliko alivyofurahi kwa miaka mingi.

Aliyeshika simu upande wa pili alikuwa kibarua mwenzake Mjomba, mtu mzima, baba wa watoto wanne. Watoto walimwita Kamera. Hawakuwahi kumwona. Walichokijua ni sauti yake, kikohozi chake, na kidole gumba kilichopenda kuziba kioo katikati ya kipimo. Darasa zima lingepiga kelele kwamba kumeingia giza, naye angecheka na kusema ni wingu tu, linapita.

Jambo moja lilimkosesha Mwalimu usingizi. Alisikia kwamba pale wanachimba msingi, na alijua udongo wa mji ule usivyoaminika mvua ikinyesha. Mdogo wake alimwapia. Shimo halimpiti kifua, alisema, na likimpita hatashuka bila kingo kuzuiwa kwa mbao. Yeye dada akaamini, au alijitia kuamini, maana kijana hakuwa na kazi nyingine na wala hakukuwa na kazi nyingine ya kupata.

Kisha Wakili akataka kwenda chini. Kila siku wanapima vya kwenda juu, alilalamika, na kitabuni kuna kina. Mjomba alijaribu kupiga chenga; akasema shimoni kuna tope, akasema betri inaisha. Lakini Kamera, ambaye hakuwahi kumnyima mtoto kitu, alikuwa ameshafika nusu ya ngazi na simu mkononi. Akaenda kusimama mwisho mmoja wa mtaro, Mjomba akasimama mwisho wa pili, mgongo kwenye udongo, akatabasamu kwa shida.

Watoto wakapima. Mjomba ukutani alikuwa sentimita ishirini. Kutoka nyayo zake mpaka ukingo wa shimo zilikuwa sitini.

Mwalimu akawaambia wapime tena. Wakapima tena. Akachukua rula yeye mwenyewe, akapanda benchi mbele ya darasa, na kivuli chake kikamfunika mdogo wake. Zilikuwa sitini. Wajomba watatu kwenda chini, mita tano na sentimita kumi, udongo mbichi kulia na kushoto, na kwenye picha nzima hapakuwa na hata ubao mmoja.

Alisahau kwamba yuko darasani. Alimwita kwa jina la utotoni, jina ambalo watoto hawakuwahi kulisikia, akamwambia atoke humo sasa hivi. Mjomba akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa. Hapo ukingoni pakatokea viatu, kisha uso: nyapara alikuwa amesikia sauti ya mwanamke ikitoka shimoni. Akaagiza apewe ile simu. Akauliza nani anaongea.

Mwalimu alimjibu kama anavyomjibu mtoto aliyenakili majibu ya jirani. Alimpa kina kwa mita, akampa kwa sentimita, akamuuliza mbao ziko wapi. Nyapara alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Tumekuelewa."

Ukuta ukabaki mweupe.

Jioni mdogo wake alibisha hodi akiwa na begi lake na buti mkononi. Nyapara alikuwa amemwambia kwamba mtu mwenye dada mhandisi hafai kuchafuka na matope. Alikaa kwenye kiti bila kuulizia chakula.

"Umenimwagia unga, dada," alisema. "Hukuniuliza hata."

Yeye alisema pole, na ilikuwa pole ya mdomoni. Moyoni alikuwa na furaha mpaka akaona aibu. Mtoto wa mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti, mzima, amenuna, buti zake zikidondosha matope sakafuni, na yeye hakutaka kingine chochote. Baadaye sana ndipo alipokumbuka kuuliza nani amechukua nafasi yake kule chini.

"Nani tena? Si huyo Kamera wenu."

Kesho yake alipiga simu ofisi ya kazi. Mtu wa huko, mpole na mchovu, alimweleza kuwa malalamiko huletwa na mfanyakazi wa mahali husika. Mdogo wake akasema yeye si mfanyakazi tena, labda dada amesahau kwa nini. Alipoomba angalau amwambie Kamera akatae kushuka, kijana alimuuliza akatae ale nini. Mwalimu alichukua chaki zake. Akaenda darasani akafundisha uzito. Watoto waliuliza kama Kamera anawasalimia, akasema anawasalimia sana.

Mvua ilinyesha mwisho wa wiki. Mtaro uliporomoka asubuhi, vibarua wakiwa ndio kwanza wameshuka. Wawili walitolewa, wa tatu alibaki.

Mdogo wake alikuja shuleni wakati wa mapumziko, matope mpaka mapajani, kwa kuwa alikwenda kuchimba na wenzake ingawa hakuna aliyemwita. Alisimama mlangoni pa darasa. Watoto waliomwona walikimbilia kwake wakiimba Mjomba, Mjomba, kisha wakaona uso wake, wakaacha.

Alimweleza dada yake kwa sauti ya chini, lakini darasa lilikuwa dogo. Bado wanachimba, na hakuna anayechimba kwa haraka tena. Ndugu wa marehemu wanataka kumsafirisha kwao mara tu akitolewa, kwa hiyo jeneza linatengenezwa sasa hivi, na fundi seremala anauliza urefu. Nyapara hajui. Mkewe ameambiwa kwa simu, na hakuna mwenye roho ya kumpigia tena na kumuuliza swali kama hilo.

"Nikasema kwenu ndiko mnakopima watu," alisema.

Mwalimu aligeuka akatazama ukuta mweupe, kana kwamba kidole kile kingetokea. Walikuwa wamepima nguzo, matangi, ngazi, shimo lenyewe. Yule aliyewaonyesha vyote hivyo hakuna aliyempima.

Wakili alikuwa ameshachukua rula. Alikuja mpaka mlangoni, akagusa mstari wa chaki wa siku ile, akasema Mjomba anajulikana, kwa hiyo asimame pale pale na aonyeshe kwa mkono Kamera alikuwa anamfika wapi. Watapima kutoka hapo. Alisema taratibu, kama alivyofundishwa, na Mwalimu aliona kwamba hesabu ya mtoto huyu haikuwa na kosa lolote.

Mjomba alivua buti zake. Akasimama mgongo kwenye mwimo, kichwa kikagusa mstari. Akainua mkono akauweka usawa wa sikio. Akaushusha mpaka kwenye taya. Akasema hapana, akaupandisha kwenye paji la uso. Akasema mle chini walikuwa wanainama muda wote, na wakitoka kila mtu amechoka, nani anamwangalia mwenzake alivyosimama. Mkono ukashuka tena.

Watoto walisubiri. Wakili alikuwa amepanda kwenye benchi, rula ameiegemeza kwenye mwimo, sifuri mahali pake.

"Mjomba, tulia basi," alimwomba. "Ukitetemeka hapimiki."