Maduara Niliyomtumia Shangazi

Kazi yangu ni kuua vijidudu kwa majani, au tuseme kujaribu, maana majani mengi hayaui kitu. Tunayasaga, tunayaloweka kwenye spiriti, tunachovya humo vipande vya karatasi vidogo kama vifungo vya shati, kisha tunavipanga kwenye sahani ya plastiki iliyooteshwa vijidudu. Kesho yake, karatasi ikizungukwa na duara safi, dawa ina nguvu. Mkuu wetu tunamwita Mama Rudia, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Hata ukimletea chai anaweza kukwambia rudia.

Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Ana kisukari, na mwaka huu alipata kidonda kwenye mguu wa kushoto. Kliniki walimpa vidonge vya kukitibu, vikamchafua tumbo. Nyuma ya jiko lake kuna kichaka ambacho kwa majani yake alituoshea vidonda vyote vya utotoni, basi akanifungia fungu moja kwenye gazeti.

"Nipimie, baba," akasema. "Nikijua yanafaa nitatulia."

Nilipima Ijumaa jioni, wenzangu wakiwa wanavua makoti. Katika kila sahani lazima iwepo karatasi moja yenye spiriti tupu, kwa sababu spiriti yenyewe inaua vijidudu, na karatasi za dawa lazima zikauke kwanza. Hilo analijua hata mfagiaji wetu. Mimi nilikuwa na haraka, na nilitaka jibu liwe ndiyo. Nikaweka karatasi nne za majani zikiwa bado na majimaji, nikafunga kabati la joto, nikaenda zangu.

Kesho yake nikakuta maduara manne, makubwa, safi kabisa. Kichwa kikanivimba. Nikapiga picha, nikairusha kwenye kundi la simu la ukoo: "Majani ya Shangazi yameshinda!" Wajomba na binamu wakanimwagia sifa mpaka nikajifanya kuona haya. Shangazi akanipigia.

"Kwa hiyo hivi vidonge vyao niviache?"

Nikacheka. "Daktari si wewe mwenyewe?"

Ndivyo nilivyomjibu mtu mwenye kidonda.

Alhamisi Mama Rudia aliiona ile picha kwenye simu yangu.

"Ya spiriti tupu iko wapi?"

Nikaanza kumung'unya maneno.

"Rudia," akasema, na safari hii sikucheka.

Nikarudia. Karatasi za majani nikaziacha zikauke. Pembeni nikaweka moja ya spiriti tupu, mbichi kama nilivyofanya mwanzo, nilinganishe. Ijumaa asubuhi vijidudu vilikuwa vimeota mpaka ukingoni mwa karatasi za majani. Duara lilikuwa moja tu, kwenye ile ya spiriti.

Ilinipasa kumpigia Shangazi simu saa ileile. Niliishika simu, nikaiweka. Nikasema nitamwambia Jumapili, tena ana kwa ana, ndiyo heshima. Huko ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa tu. Niliona aibu mbele ya kundi zima, na sifa zilikuwa bado zinaingia. Jumapili ikapita, na ya pili ikapita.

Siku ya kumi na mbili binti yake akanipigia. Wamemkata mama yake vidole viwili vya mguu.

Wodini Shangazi aliniona kabla sijamwona.

"Nesi, njoo umwone mwanangu! Huyu ndiye mtaalamu wa maabara niliyekwambia."

Nesi akanipa mkono. Niliupokea, Mungu anisamehe.

Alipoondoka, Shangazi akanivuta karibu, akashusha sauti. "Usikasirike, baba. Nimekuangusha. Wewe ulipima vizuri, mimi ndiye nimekosea kuchemsha. Nadhani nilizidisha maji."

Ningeweza kunyamaza. Na nililifikiria hilo, tena si kidogo, huku yeye akiwa amenishika mkono.

"Hukukosea," nikasema. "Majani hayafanyi kitu. Nilipima ovyo. Iliyoua vijidudu ni spiriti."

Alinitazama. Hakukunja uso. "Makosa ya kazi yapo," akasema. "Umegundua leo?"

Nikapiga moyo konde. "Nina siku kumi na mbili tangu nijue."

Akahesabu kwa midomo, bila sauti, akarudia kuhesabu.

"Vidole vilianza kuwa vyeusi Jumamosi," akasema polepole. "Jumamosi hii iliyopita."

"Ndiyo, Shangazi."

Akauachia mkono wangu. Akavuta shuka taratibu, akaufunika mguu mpaka bandeji isionekane hata kidogo, kama mtu anayejisitiri mbele ya mgeni. Alitaka kujigeuza akashindwa. Nikasimama haraka nimshike mabega.

"Acha," akasema. "Niitie binti yangu."