Onyo la Tatu

Ndoo ya nne ilikuwa imefika nusu Lupe alipoacha kuangalia zabibu, akaanza kuangalia vidole vya Malia.

Huku Mornington, mbali na kwao Tonga, watu huvuna wawili wawili, mmoja upande huu wa mzabibu, mwenzake upande ule, majani katikati. Uso wa mwenzako huuoni. Unaona vidole tu, vimekuwa vyekundu kwa upepo wa bahari, na mkasi. Ndoo ikijaa unaisukuma chini ya waya, na ndani yake unaweka kimoja cha vibao vyako vya namba. Vya Lupe vilikuwa namba kumi na saba.

Juzi ndoo yenye kibao kumi na saba ilikutwa na vichala vilivyoota kuvu. Jana tena. Maonyo mawili, kila moja kwenye karatasi ya njano. Likija la tatu, mwakani haitwi tena kutoka Tonga, na binti yake Siale amebakiza miaka miwili chuo cha uuguzi.

Na hakuvikata yeye. Vile vichala vilikuwa na vikonyo virefu kama kidole. Lupe hukata pale pale kwenye kifundo, kama alivyofundishwa na mama yake kukata vanila kule kisiwani kwao, Vava'u. Sasa nani?

Vidole vya Malia vilikata kichala, vikakigeuza, vikakibinya, vikakitupa chini. Kilikuwa kimeoza.

"Mbona umesimama?" Malia akauliza kutoka upande wa pili.

"Nafunga kitambaa."

"Kitambaa gani hicho tangu asubuhi? Unanichunga."

Lupe akaona bora aseme. "Malia, vibao vyangu unavigusa?"

Malia akacheka, kicheko kikavu. "Mimi ndiye wa kuulizwa? Wiki nzima usingizi sipati, najiuliza nimekukosea nini hata unijazie uozo!"

Mkono ukapenya kwenye majani, umeshika karatasi mbili za njano zilizokunjwa ndogo kama za kufungia dawa.

"Na vyako vilikuwa na vikonyo virefu?" Lupe akauliza polepole.

"Virefu hivi."

"Kwenye trela nani hupanda kupanga ndoo?"

"Msimamizi, Darren, peke yake."

Mwaka huu watu wa kupunguza majani hawakuajiriwa. Ukungu wa baharini ukaingia mizabibuni ukakaa humo, na kuvu ikaenea shamba zima. Huko kiwanda cha mvinyo lazima walikuwa wanauliza kosa ni la nani, na Darren alihitaji namba za kuwapa.

Mchana, mzee Viliami, anayewaongoza sala, alipomaliza kuombea muhogo na nyama ya kopo, Lupe alisimama.

"Mimi nina maonyo mawili. Malia mawili. Nani mwingine?"

Watu kumi na wanne wakatazama sahani zao. Kwao mtu haaniki aibu yake mbele ya chakula.

"Kaa, dada, muhogo unapoa," mmoja akasema.

"Wa jana huu, upoe mara ngapi?" Lupe akamjibu.

Hakuna aliyecheka. Malia peke yake aliinua mkono. Darren alikuwa amesimama karibu na trekta. Akaja, akaandika juu ya goti.

"Lupe, unachochea watu. La tatu hilo."

"Panda trela uangalie vikonyo vyangu, kisha uandike."

"Namba ni namba, mama. Mvua inakuja saa kumi. Kazini!"

Wakati wa kurudi mistarini, mzee Viliami alimpita na ndoo yake, macho mbele.

"Mwanangu, mimi ninayo manne," akanong'ona.

"Manne? Na bado uko?"

"Mikono wanaitaka mpaka Ijumaa. Zabibu zikiisha ndipo watahesabu karatasi."

"Mbona pale hukusema, mzee?"

Akafikiri. "Huenda wakanisahau."

Akaenda zake, anajikaza kukimbia na ndoo tupu.

Lupe akatazama mstari mbele yake, mita mia mbili, vichala vyeusi vinaning'inia chini ya wingu. Akaweka mkasi mfukoni. Akaipindua ndoo ya tano, bado tupu, akaikalia.

"Lupe!" Darren akapiga honi ya trekta. "Kata! Nani amekuambia upumzike?"

Matone ya kwanza yakaanza kugonga majani. Upande wa pili Malia akakata kichala kimoja, akakata cha pili, akasita. Halafu Lupe akasikia ndoo nyingine ikipinduliwa, na mtu akiketi juu yake.