Kamlete Mwenzio

Saulo alimaliza kuoga kabla mashine za kiwanda cha mbao hazijawashwa, akabaki amesimama nyuma ya mabanda, miguu ameitanua kama mtoto aliyejikojolea. Maji ya Mafinga asubuhi yanakata, lakini yeye huko chini alikuwa anaungua. Jana jioni alijipaka dizeli.

Si wazimu. Wote wanaopasua misonobari pale hutoa utomvu mikononi kwa dizeli, maana sabuni haiuwezi. Marcelino, mwenzake wa kusukuma magogo, ndiye aliyemshauri. "Utomvu wenyewe unatoka, kaka, sembuse muwasho?" Sasa ngozi imebabuka, na muwasho uko palepale. Nawaambia nyie mlio na watoto wa kiume huko viwandani: dizeli ni ya mashine.

"Oya, bwana harusi," Marcelino aliita kutoka mlangoni. "Unatembea kama umeshuka punda. Wakwe watakuonaje?"

"Watajua nimechoka na safari."

"Si uende wiki ijayo?"

"Wiki ijayo nimeshaisema sana."

Kweli aliisema sana. Mkewe, Tumpe, alikwenda kujifungulia kwa mama yake Uyole, na nyumba ile hawaruhusu mwanamke ajirudishe mwenyewe. Mume huja kumchukua na mtoto, watu wanakula, ndipo wanaondoka. Arobaini ilishapita. Binti yake, Saulo alimwona kwenye simu tu, amevalishwa kofia ya kufuma, macho kayafumba. Kitenge ambacho Tumpe alikiacha kwenye msumari hakukifua, asije akaitoa harufu yake.

Lakini angeendaje na kitu kile? Chini ya govi pamekuwa pekundu, pamechanika-chanika, na utando mweupe kama mtindi ulirudi kila alipouosha. Tumpe angeuona angesema, mimi nalea, wewe ulikuwa kwa nani? Duka la dawa walimpa vidonge vya bakteria bila kumtazama. Akameza, akarudia kununua, ndiyo kwanza hali ikazidi. Leo amepewa ruhusa kazini. Mpango wake ulikuwa apite zahanati, apate dawa ya kweli, kisha apande basi la Mbeya kabla ya adhuhuri.

Zahanati benchi lilikuwa limejaa mpaka nje. Ilipofika zamu yake, daktari, Sosthenes, hakuufunga mlango.

"Tatizo?"

Saulo akasogea karibu. "Huku chini, daktari. Panawasha."

"Chini wapi? Sema, hapa si kanisani."

Benchi likacheka. Saulo akasema. Daktari hakuinua macho.

"Hayo ni ya wawili, na sisi tunatibu wawili. Kamlete mwenzio."

"Yuko Uyole, amejifungua."

"Basi mlete huyo wa hapa."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. "Anayefuata," daktari akasema.

Nje, karibu na tangi la maji, nesi mmoja wa makamo alikuwa anaanika mashuka. Severina, ndivyo wanavyomwita wote. Alikuwa amesikia. Akamwingiza Saulo katika chumba cha kupimia watoto uzito, akafunga mlango, akavaa glovu.

"Nani kakuunguza, baba?"

"Dizeli, mama."

Severina akashusha pumzi. "Hizi ni fangasi. Watu wanadhani ni za wanawake, na wanaume nao wanapata. Huu weupe, huu wekundu, kuwashwa, mkojo kuchoma. Vile vidonge ulivyomeza haviziui, vinazipa nafasi. Osha kwa maji matupu, sabuni ya manukato hapana, kausha vizuri. Hapa palipoungua pakipoa, unapaka krimu ya fangasi asubuhi na jioni. Usiiache siku unapoona nafuu, maliza muda wake. Suruali ya jasho na maranda usishinde nayo. Na mpaka upone, wewe na mama mtoto mlale kama kaka na dada."

"Kwa hiyo sina ugonjwa wa zinaa?"

"Sijasema hivyo, sijakupima. Nasema hii ninayoiona mtu anaweza kuipata bila kuzurura. Kiu unayo?"

"Dumu la maji namaliza mwenyewe kazini."

"Na kukojoa?"

"Marcelino anasema mimi ni bomba bovu."

Severina hakucheka. "Fangasi zikimganda mwanaume hivi, tunapima sukari. Ila kipimo mpaka daktari aandike, na kabati ni lake."

Saulo alikaa kwenye ngazi za zahanati akampigia mkewe.

"Umeshapanda?" Tumpe aliuliza. "Mama anamenya ndizi tangu alfajiri. Saulo, usiniambie wiki ijayo."

"Nina fangasi, Tumpe. Huko chini."

Kwenye simu alimsikia mtoto akinyonya kwa pupa.

"Fangasi si wanapata wanawake?"

"Hata mimi nilijua hivyo."

"Ndiyo maana hukuja?"

"Ndiyo. Niliogopa utakavyonitazama."

"Huyo mwanamke wako nilishampa mpaka jina," Tumpe akasema polepole. "Nimemchukia bure. Sasa dawa wamekupa?"

"Hawanitibu bila mwenzangu."

"Nipe huyo daktari."

Saulo aliingia bila kusubiri foleni. Akaiweka simu mezani, akaifungulia sauti.

"Uliniambia nimlete mwenzangu. Huyu hapa."

"Shikamoo, daktari," sauti ya Tumpe ikajaa chumba. "Mimi ndiye. Hana wa huko. Nina mtoto hajabebwa na baba yake hata mara moja. Naomba umpime sukari, umpe dawa, aje atuchukue."

"Simu si mtu," Sosthenes alisema, akaangalia benchi. Safari hii hakuna aliyecheka. Severina alikuwa amesimama mlangoni na shuka bichi mkononi. Saulo hakuondoka.

Mwishowe daktari akatoa kikopo cha vipimo vya sukari kabatini, akakifunua, akakigeuza juu chini. Hakikuanguka kitu.

"Viliisha kabla ya Pasaka," alisema, sauti imeshuka. "Krimu hata haijaletwa. Naagiza, naambiwa nisubiri. Nikiwaambia mkawalete wenzenu, mnaondoka. Nikiwaambia hakuna, mnakaa mnanitazama hivi."

"Saulo?" Tumpe aliita. "Wamekupima?"

"Hakuna vipimo."

"Basi njoo hivyohivyo. Huku Mbeya tutatafuta hospitali."

Saulo alivuta kiti akakaa, ingawa kukaa kulimuuma. Akamsogezea daktari daftari la wagonjwa.

"Andika kwanza. Andika kwamba nilimleta mwenzangu, na hamkuwa na kitu."

Sosthenes alishika kalamu, hakuandika. Kwenye simu mtoto akaachia titi akaanza kulia, kilio chembamba, kikatoka mpaka kwenye benchi. Saulo akaiinamia meza.

"Nyamaza, mama," alimwambia mwanawe. "Baba anakuja. Anamsubiri daktari aandike."