Salamu za Mama Genoveva

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko upande wa Maretadu, panapolimwa mahindi na maharage, na hilo litoshe. Kilishatambulika mara moja bila kutajwa, na waliotambulika humo wanajuta hadi leo.

Ilikuwa miaka michache baada ya Manyara kukatwa kutoka Arusha na kuwa mkoa. Redio za watu binafsi zilikuwa zinaota kama uyoga, na wafadhili wanazikimbilia. Mradi mmoja ukatangaza kwamba unatafuta waandishi wa habari wa kijamii kutoka Mbulu na Hanang, watu wanaokaa vijijini na kupajua. Watafundishwa wiki mbili, watapewa vinasa sauti vya kujifunzia, na mwisho wa semina mmoja tu kati ya kumi na wanne, mwenye kipindi bora, ataajiriwa na redio na kinasa kitakuwa chake.

Zita aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alikuwa na miaka thelathini na moja, elimu ya darasa la saba, na mwandiko mzuri. Kwa miaka sita alikuwa ameandika matangazo ya parokia ubaoni, bila hata mtu kumwambia asante. Mume hakuwa naye, na wazazi wote wawili alishawazika. Mzazi aliyebaki naye duniani alikuwa Mama Genoveva, mjane wa jirani aliyemchukua akiwa na miaka tisa, jioni ile ile mama yake alipozikwa. Alimlisha, akampeleka shule, akamchapa alipostahili. Hata ukubwani Zita alipita mlangoni kwake kila asubuhi, akasema shikamoo, akasubiri marahaba, ndipo siku yake ikaanza. Bila marahaba ile Zita alikuwa yatima kama yatima wengine, na alijua.

Mwaka ule mvua ziligoma. Serikali ikaleta mahindi ya msaada, yakawekwa kwenye ghala la kijiji, na Tadeo, mwenyekiti wa kijiji, akawa anayagawa kwa zamu. Nyumba ya Mama Genoveva ilitazamana na ghala. Alikuwa ameungua mguu kwa uji wa moto, kanisani haendi, kwa hiyo Jumapili watu wakiwa kwenye ibada yeye alikuwa amekaa mlangoni. Ndipo alipoliona lori la mfanyabiashara likirudi kinyumenyume juu ya matuta yake ya maharage, likapakia magunia, likaondoka. Jumapili ya kwanza alidhani anaota. Jumapili ya tatu aliwatambua wapakiaji, na Tadeo mwenyewe alikuwa amesimama pembeni ameshika funguo.

Alimwambia Zita, kwani angemwambia nani mwingine? Zita alipomwomba ayaseme yale kwenye kinasa, mama akakataa. Alimwambia kwamba anaishi peke yake, na Tadeo ana ukoo mkubwa. Zita akambembeleza siku mbili, na ya tatu akamwapia kwa kaburi la mama yake.

"Jina lako halitatoka, mama. Wala la kijiji, wala la Tadeo."

"Wewe nakuamini," alisema Mama Genoveva. "Hicho kidude sikijui."

Sasa, watu wa huko hawakai mbele ya mkubwa wakaanza na shida zao. Hiyo ni tabia ya polisi. Utamwamkia, utauliza mwili, mifugo na watoto mmoja mmoja, ukimaliza ndipo useme kilichokuleta. Zita alibonyeza kitufe mapema, kama semina ilivyofundisha, kisha akamwamkia kama siku zote. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu. Mguu ulioungua unaendeleaje? Unakauka. Na yule ng'ombe mwekundu, bado anachechemea? Anachechemea, lakini maziwa anatoa. Na Evarist huko Mererani kwenye machimbo, ameleta habari? Hajaleta tangu Pasaka. Mama alicheka kidogo hapo, kicheko cha kumsamehe mtoto wa kiume. Ndipo wakaingia kwenye mahindi.

Mwezeshaji wa semina aliitwa Doris, dada wa Arusha mwenye sauti laini na kalamu za rangi nne, aliyewaita wote "wapendwa". Aliwafundisha kukata sauti kwenye kompyuta. Zita alikata jina la kijiji, akakata la Tadeo, akakata kila mahali mama alipojitaja. Aliifanya kazi ile kwa uangalifu kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Alipobaki na salamu, Oliva, mwenzake kutoka Gendabi aliyekaa naye kompyuta moja, akamwambia aikate nayo, haina habari.

Zita alikasirika. Alimuuliza Oliva kama kwao Gendabi watu huingia nyumba za wazee kama mbuzi. Sauti ya mtu mzima itatoka redioni, nchi nzima inasikia, halafu isikike haikuamkiwa? Wangesema Mama Genoveva alilea mtoto asiye na adabu. Maskini Zita! Aliyaondoa majina yote, na mlango akauacha wazi kwa ajili ya heshima. Hata hivyo alimwita Doris aamue. Doris akavaa visikilizio, akafumba macho, akatabasamu.

"Acha hivyo hivyo, mpendwa. Hiyo salamu ndiyo ladha yenyewe. Wafadhili wanataka kusikia kijiji."

Kitabu cha mafunzo kilikuwa na somo zima juu ya kumlinda mtu anayekupa habari. Lilipangwa siku ya mwisho, saa nne. Lakini siku hiyo mgeni rasmi alichelewa hadi saa nane, wali ukapoa, mpiga picha akaanza kulalamika, na Doris akasema somo lile watalisoma wenyewe nyumbani, ni jepesi. Wakapewa vyeti, wakapiga picha, wakala. Zita alikuwa na nia ya kulisoma. Kitabu alikiweka chini ya mto, na juu ya mto akaweka barua ya ajira, maana kipindi bora kilikuwa chake.

Kilirushwa Jumamosi asubuhi, mara baada ya matangazo ya vifo, saa ambayo hakuna redio iliyozimwa kuanzia Mbulu mpaka Katesh. Kwenye mashine ya kusaga foleni ilikuwa ndefu. Sauti ya Mama Genoveva ikaitikia marahaba. Watu wakasikia mguu, wakasikia ng'ombe mwekundu. Ilipofika machimbo ya Mererani, mwanamke mmoja aliyekuwa anapepeta alisema, "Mama Evarist huyo," akaendelea kupepeta. Habari ya mahindi ilikuwa hata haijaanza.

Mchana Tadeo alikwenda kwa Mama Genoveva. Hakufoka wala hakutukana. Alisimama kwenye uzio, kofia mkononi, akamwamkia kwa upole kabisa.

"Shikamoo, mama. Mguu unaendeleaje? Na ng'ombe mwekundu, bado anachechemea? Na Evarist huko machimboni, ameleta habari?"

Aliuliza yote, kwa mpangilio ule ule, bila kuruka hata moja. Na mama, aliyekuwa amelelewa kuitikia anapoamkiwa, aliitikia moja baada ya lingine. Tadeo akamshukuru, akavaa kofia, akaenda zake.

Jumanne watu wa wilaya walikuja na kufuli. Ghala likafungwa mpaka uchunguzi utakapokwisha. Hapo ndipo penye uchungu. Mwizi hakuguswa, kwa sababu uchunguzi haujaisha, na kaya zilizokuwa zinapata debe moja kwa mwezi sasa hazikupata hata kisonzo, kile kikopo cha kupimia. Tadeo akaitisha mkutano wa kijiji. Wala hakuhitaji kusema uongo. Aliwaambia ghala limefungwa, hajui litafunguliwa lini, na aliyelifungisha wanamjua kwa sauti yake. Kisha akakaa.

Watu wenye njaa ni wepesi wa kuhukumu, jamani. Hakuna aliyeuliza magunia ya Jumapili yalikwenda wapi. Mzee Bura, mkubwa kuliko wote pale, alisimama na kutamka kwamba mwanamke yule atengwe. Asipewe moto, asiazimwe chombo, asisalimiwe. Mama Genoveva alikuwa amesimama mbele na fimbo yake, anatafuta uso mmoja katikati ya watu.

Uso huo ulikuwepo. Zita alikuwa nyuma kabisa na kinasa mkononi, taa nyekundu inawaka, kwani redio ilimtuma aje kuripoti mkutano. Angeweza kusimama akasema, mimi ndiye niliyembembeleza, mimi ndiye niliyeacha salamu, nitengeni mimi. Alifungua hata mdomo. Lakini alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, na Doris alishawaambia kwamba mwandishi haingii ndani ya habari yake. Zita akaukumbuka msemo ule kwa haraka ya ajabu, akaufumba mdomo. Macho yao yalipokutana, ni yeye aliyeinamisha kichwa, akajifanya anaangalia betri.

Tangu siku hiyo hakupita tena mlangoni asubuhi. Alijiambia anawahi kazini. Aliambiwa na wengine kwamba ng'ombe mwekundu alikutwa malishoni amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, na kwamba mama alimchinja mwenyewe kwa kisu cha jikoni kwa kuwa hakupata mtu wa kumsaidia. Nyama ikaoza, hakuna aliyekwenda kununua. Zita alilia sana aliposikia. Kulia hakukumpeleka kokote.

Mwezi wa tatu wa majaribio yake waliitwa tena kwenye semina, safari hii Katesh, na waandishi wapya wakiwemo. Doris akatundika karatasi iliyoandikwa kwa rangi nyekundu: kumlinda anayekupa habari. Akasema atawawekea sauti, nao watafute kosa. Akabonyeza. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu.

Walilipata kabla salamu haijaisha. Kijana mmoja akasema bado kidogo tu wataje na mtaa, na ukumbi ukacheka. Doris akarudisha sauti nyuma ili waliochelewa nao wasikie, mama akacheka kile kicheko chake cha kumsamehe Evarist, na wao wakacheka tena. Oliva peke yake hakucheka, alikuwa anakwangua meza kwa ukucha. Kisha Doris akamwita Zita mbele, akamshika bega, akawaomba wampigie makofi kwa ujasiri wa kukubali kosa lake litumike kufundishia. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Zita akasimama mbele yao, akatabasamu kama alivyotakiwa.

Baada ya chai alimfuata Doris kando, akamuuliza kama siku ile, alipofumba macho na visikilizio masikioni, aliliona kosa. Doris akamtazama kwa huruma.

"Mpendwa, wewe ndiye wa kijiji. Mimi ningejuaje ng'ombe wa nani ni mwekundu?" Akamwambia pia kwamba mkataba wake unaangaliwa wiki ijayo, na kipindi cha kufuatilia kingemsaidia sana. Aende kwa yule mama, apate sauti yake. Watu wanapenda kujua mwisho.

Na Zita akaenda. Alibeba robo gunia la unga kichwani, na kinasa mfukoni. Alimkuta Mama Genoveva amechutama jikoni, anapuliza kaa moja aliloling'ang'ania tangu jana lisizimike. Alikuwa amekonda, mguu haujapona. Zita akatua unga. Akabonyeza kitufe. Ndiyo, alibonyeza, alijiambia akishaamkia atakizima.

"Shikamoo, mama."

Kaa likapulizwa.

"Shikamoo, mama."

Kuku akaingia, akatoka. Zita akapiga magoti, yeye mwanamke mzima mwenye mwajiri, akasema mara ya tatu. Mama Genoveva akainua kichwa, akatazama mfuko wa gauni ambamo kinasa kilikuwa, akatazama uso wa mtoto aliyemlea.

"Ile ya kwanza niliiitikia," alisema. "Nchi nzima ilisikia. Nenda."

Asubuhi Zita aliukuta unga mlangoni kwake mwenyewe, umerudishwa, umefungwa vile vile. Mkataba ulipita. Doris alisema sauti ile ni ya dhahabu, isikatwe hata punje, safari hii hakuna jina, hakuna ng'ombe, hakuna mtoto, somo limeeleweka. Ikarushwa Jumamosi, baada ya vifo. Shikamoo tatu, na kimya kirefu baada ya kila moja, kuanzia Mbulu mpaka Katesh. Redio iliyokuwa imempa ajira ikamtangaza Zita kuwa mtoto aliyekataliwa na mama yake.

Jumatatu alikwenda kuteka maji kabla ya kazi. Alimkuta mzee Bura kisimani, yule yule aliyetamka kutengwa, ambaye kwa miezi mitatu hakumsalimia Mama Genoveva hata kwa kichwa. Zita hakuwa na kinasa. Aliweka ndoo chini, akamwamkia. Mzee Bura alifunga kifuniko cha dumu lake, akalikagua kama linavuja, akampita.