Matumbawe Chini ya Blanketi

Nilisikia king'ora cha kipimajoto cha tangi langu kikilia kabla sijafungua mlango. Nilikuwa narudi kutoka Hedaru, nilikokwenda kikazi kwa siku mbili. Ndani nilimkuta baba yangu, mzee Sifael, niliyemwachia ufunguo wa nyumba, ametulia kwenye kochi akitabasamu. Tangi langu la maji ya chumvi, lenye samaki na matumbawe hai, alikuwa amelifunika blanketi, feni ya kupoza maji ameizima, na taa ameishusha hadi karibu na maji.

"Shikamoo, baba. Umefanya nini?"

"Marahaba. Nimewaokoa viumbe wako. Unawapulizia feni kama adui zako! Kule Suji, milimani kwenye baridi, vifaranga tunawawashia taa na kuwafunika, na hafi hata mmoja."

"Hapa ni Same, baba! Huku joto ndilo linaloua. Nilikwambia feni isizimwe."

"Uliniambia. Mimi nimefuga tangu hujazaliwa. Na hicho kidude chako kinalia tangu jana kama mbuzi aliyesahauliwa."

Nilivuta blanketi. Maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogea. Tumbawe la zambarau, nililolikuza kutoka kipande cha ukubwa wa kucha, lilikuwa limekufa, jeupe kama mfupa. Samaki walielea kiubavu.

Baba akachungulia. "Pole kwa samaki. Lakini hayo mengine si mawe tu? Utaokota mengine."

Niliwasha feni, ingawa nilijua nimechelewa.

"Nitayakuza upya, baba," nikamwambia. "Na nakuahidi: utakula kwangu, utalala kwangu, lakini ufunguo wa nyumba hii hutaushika tena."